Msalaba Ndani ya Kofia ya Karani

Mama zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kunipa nafasi hii kabla ya chai, maana baada ya chai mngenisikiliza mimi nusu na vitumbua nusu. Mwenyekiti wetu ameniambia niseme kwa ufupi. Nitajaribu, ila wanaonijua wanajua kuwa ufupi sikujaaliwa.

Nawaambia mapema, sitataja jina la mtu. Weti ni mji mdogo, na sisi Wakristo ndani yake tu wachache kiasi kwamba mmoja akikohoa kanisani asubuhi, mchana anaulizwa hali na watu wa mitaa mitatu. Kwa hiyo wengine mtawajua kabla sijamaliza sentensi. Mkimjua mtu, mezeni. Leo naomba sote tumeze.

Kisa changu nusu mnakijua. Mliniona nikitolewa kwenye kwaya. Mkaniona nimekaa benchi la nyuma mwaka mzima, kichwa hakina kitambaa cheupe, wenzangu wanakwenda Meza ya Bwana na mimi nahesabu misumari ya dari. Halafu mwezi uliopita mkaniona nimerudishwa mbele, mkanikumbatia, na wengine mkalia. Mlinililia kama mtu aliyeonewa. Ni kweli nilionewa. Lakini ipo nusu ya pili, na tangu mnikumbatie hiyo nusu hainipi raha. Nikianza kusali maneno yanakwama katikati. Mama amenichoka kwa kutembea tembea ndani ya nyumba. Ndiyo maana nimekuja kuitoa.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, Sista aliyekuwa hapa zamani alitufundisha wasichana watatu kushona vitambaa vya altare. Mmoja wetu aliolewa Unguja akaenda zake, tukabaki wawili hapa: mimi, na mwenzangu mmoja wa kwaya. Sista alikuwa na sharti moja. Kabla hujashona kitu chochote, geuza kitambaa, na kwa ndani, penye pindo, weka msalaba wa uzi uleule mweupe, mdogo kuliko punje ya mchele. Hauonekani na mtu. Alisema ni wa kuukumbusha mkono unamfanyia nani kazi. Ukisahau, anaifumua kazi yote, hata kama umeshamaliza. Tulifumuliwa sana. Mwisho mkono ukazoea, ukawa unauweka wenyewe, kama mtu anavyovua viatu mlangoni bila kufikiri.

Nilipotimiza miaka ishirini na mbili nikapata mchumba, mwalimu wa skuli, mtu wa kanisa hilihili. Mrefu, mpole, na mpenda mpira kupita kiasi. Nilimpenda, na sioni haya kusema. Nilimshonea leso mbili za mfukoni hata kabla hajatuma mtu kwetu. Alipokuwa akipita asubuhi kwenda skuli, mimi nilikuwa nikifagia ua uliokwisha kufagiwa, mpaka mama akaniambia, "Mwanangu, huo mchanga utakwisha."

Sasa, ubavuni mwa nyumba yetu akaletwa bibi harusi, Mwislamu, kaolewa na karani mmoja kijana. Rika langu, mcheshi, mpishi hodari. Haukupita mwezi tukawa mashoga. Na nyinyi mnajua desturi ya majirani zetu wengi: mke mpya humshonea mumewe kofia kwa mkono wake mwenyewe, aivae sikukuu. Hicho ndicho cheti chake cha kwanza katika nyumba ya watu. Mama mkwe huipokea, akaigeuza, akaitazama mwangani kitobo kwa kitobo.

Shoga yangu mkono wa kushona hakupewa. Kofia ya kwanza aliiharibu, ya pili akaitia damu kwa kujichoma. Akaja kwetu mlango wa uani, kitambaa cha tatu kimefichwa chini ya buibui.

"Shoga, nisitiri," akaniambia. "Mkwe wangu keshauliza mara tatu kofia imefika wapi. Na nlipoposwa kwetu walinisifu nna nkono wa kushona. Ntamwambia nini ntu yule?"

"Mwambie hujui, atakufundisha," nikamjibu.

"Ntu yule? Weye humjui. Atasema nimeingizwa nyumbani kwake kwa uongo."

Nilimwonea huruma, na nisifiche, nilitamani pia kuonyesha ninachoweza. Nikakubali. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mama yangu. Niliapa kwa Jina la Mungu, wala hakuna aliyenilazimisha kulitaja. Kwa miezi miwili na nusu kofia ile ilivuka ua ndani ya kikapu cha mboga, mchana inakuja kwangu, jioni inarudi kwake ili aonekane ameishika. Ikawa kofia, mama zangu. Sijisifu. Au basi, najisifu kidogo.

Idi ilipofika karani aliivaa, na nasikia barazani watu waliisifu mpaka mama mkwe akatuma sahani ya halua kwa mamake bibi harusi. Shoga yangu alinibusu mikono yote miwili. Nami nilikuwa na furaha zangu, kwa kuwa Jumapili iliyofuata Padri alisoma tangazo letu la kwanza la ndoa. Mnajua husomwa mara tatu. Nililisikia nikiwa kwenye kwaya, masikio yakawa moto.

Jumapili ya pili Padri akasoma matangazo: nani anaumwa, uwanja unataka kupaliliwa, karafuu za kanisa zinataka wachumaji. Akafunga kitabu. Jina langu halikusomwa. Kanisa zima likageuka kuitazama kwaya, na mimi nikakitazama kitabu cha nyimbo nisione hata herufi moja.

Mchumba wangu alikuwa akiningoja nje, penye ukuta.

"Nimepata habari," akasema, "kwamba kofia ya karani ina msalaba ndani. Msalaba wa Sista. Ni wewe uliyeishona?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojua mkono wangu ulichonifanyia. Msalaba, ndani ya kofia ya Mwislamu ya kwendea kusali Idi. Sikukumbuka kuuweka. Wala leo sikumbuki.

"Ni mimi," nikasema.

"Ulimshonea yeye?"

"Sikumshonea yeye."

"Mbona kaivaa yeye? Basi ulimshonea nani?"

Kiapo kikanishika. "Siwezi kusema," nikamwambia. "Niamini tu."

"Mke kumshonea mumewe kofia naelewa. Wewe kumshonea mume wa mtu, tena ukaficha alama yako ndani, hilo ndilo naomba unieleze. Nipe kitu cha kuamini, nitakiamini."

"Nani kakwambia habari hii?"

Akatazama pembeni. "Watu wameona," akasema, akaenda zake.

Shikeni hilo neno, watu wameona, kwa kuwa lilinila mwaka mzima.

Padri aliniita mara tatu, na sina la kumlaumu, aliniuliza kwa upole. Kila mara nilijibu nusu. Akasema mpaka nitakapokuwa tayari kusema nikae nyuma. Vitambaa vya altare akapewa mwenzangu wa kwaya, naye akashika na sauti yangu kwenye nyimbo. Huko nje mambo yalishapata miguu. Kwa Wakristo, mimi nilikuwa na karani. Kwa Waislamu, mimi nilimtia karani kitu kofiani, na ule msalaba ni hirizi ya kumvuta. Wako waliosema nimeshika mimba, na hao walikuwa wakinitazama tumbo kila Jumapili, wakavunjika moyo. Karani alimwuliza mkewe msalaba umeingiaje. Mkewe akajibu, "Sijui." Neno hilo moja lilitosha, watu walilijaza wenyewe.

Shoga yangu alikuja mlango wa uani mara moja tu. Alisimama nje ya kizingiti.

"Nikisema naachwa," akasema.

"Basi usiseme," nikamwambia. Siku ile nilimaanisha. Baadaye niliendelea kumaanisha, lakini kwa taabu.

Nawaambia kweli, kusingiziwa si kubaya kama kutojua nani kakusingizia. Sikutulia. Nikiwa jikoni nataka kwenda dukani, nikifika dukani nataka kurudi. Nilikuwa nikimchunguza kila anayenisalimu: ni huyu? Nikawaza hivi. Msalaba mdogo kiasi kile, mweupe juu ya nguo nyeupe, nani angeuona? Na akiuona, nani angejua ni wa Sista? Kisiwani hapa tuko wawili tunaoushona. Mmoja ni mimi. Mmoja ni mwenzangu wa kwaya. Hesabu ikanitokea sawasawa, hata nikajiona hodari.

Halafu kila kitu kikaja kuthibitisha. Ameshika vitambaa vyangu. Anaimba sauti yangu. Jumapili moja nikamwona uwanjani anazungumza na mwalimu, anaongea kwa mikono, mwalimu ameinamisha kichwa. Nikasema, ahaa. Kumbe kilichotakiwa si vitambaa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka. Kabla ya hapo nilisukumwa. Hapa nilijiangusha mwenyewe.

Ilikuwa hapahapa, kwenye baraza hili, msimu wa karafuu. Mnakumbuka tulivyokuwa tukikaa kuchambua karafuu za kanisa. Kuchambua hakatazwi mtu, hata wa benchi la nyuma. Majamvi yamejaa, vijiti vya makonyo mapajani, tumeshanuka karafuu mpaka nywele. Mmoja wenu, kwa nia njema, akasema vitambaa vya altare siku hizi vinang'aa.

Nikasema, "Vinang'aa, ndiyo. Mimi sisemi kitu. Ila anayeshika vitambaa vya altare, ningekuwa mimi, ningependa kujua kila Alhamisi anakwenda wapi kwa ile njia ya mabondeni."

Mikono ikasimama. Mmoja akauliza, "Njia ya wapi?"

"Si ile inayokwenda kwa yule mganga," nikasema. Nikaendelea kuchambua.

Ni hilo tu. Na sikusema uongo hata mmoja. Kila Alhamisi alikuwa akipita njia ile na mfuko mkononi. Nilimwona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nikimfuata. Na njia ile inafika kwa mganga. Inafika pia kwenye nyumba nyingine nyingi za watu wa kawaida, lakini hilo sikulisema.

Nililisema Jumatano. Jumapili nikaletewa mimi mwenyewe kama habari mpya, na sasa ndani yake kulikuwa na kuku mweusi. Kuku yule mimi sikumtia, mama zangu. Sijui nani kati yetu alimtia, na leo siulizi. Mwezi haukwisha, vitambaa akanyang'anywa. Watoto aliokuwa akiwafundisha Jumapili, mama zao wakaacha kuwaleta. Walipomwuliza Alhamisi anakwenda wapi, alisema, "Kwenye kazi yangu," wala hakuongeza neno. Mimi niliyekuwa nimefunga kinywa changu miezi yote ile kwa ajili ya siri ya mtu, sikujiuliza hata mara moja kama mwenzangu naye ana siri ya mtu. Nilisema tu, anayenyamaza ana lake jambo. Yaleyale niliyosemewa mimi.

Akahamia Mtambile, kwa ndugu zake. Siku aliyopanda gari nilikuwa nafagia ua, na safari hii ua ulikuwa mchafu kweli. Alinipungia mkono. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu ule wasiwasi wangu ukarudi, umenona.

Idi nyingine ikakaribia. Mama mkwe wa shoga yangu akataka kofia nyingine kwa ajili ya mwanawe, na safari hii hapakuwa na kikapu cha mboga. Shoga yangu alijifungia, akashona alivyoweza, akaipeleka. Bibi yule akaigeuza, akaitazama mwangani.

"Nkono huu si ule," akasema.

Shoga yangu akaanguka magotini akasema yote: mimi, kikapu, kiapo, na lile neno "sijui". Akawa anangoja aambiwe afunge nguo zake. Na mkwe yule alikuwa mtu wa kuogopwa kweli, akipita njiani hata kuku huhama. Halafu, hivi ndivyo alivyonisimulia shoga yangu, akaanza kucheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu," akasema, "hata miye ya bamkwe wako nlishonewa. Dada yangu ndo kaishona, Mungu amrehemu. Bamkwe wako kenda kaburini hajui." Kisha kicheko kikakatika. "Lakini dada yangu hakutukanwa kwa ajili yangu. Vaa buibui lako."

Jumapili ile wengi wenu mlikuwapo. Mnakumbuka siku zenyewe zilivyokuwa, watu wamegawanyika kwa vyama hata mazishi hawaendeani, huyu haingii duka la yule. Na huyo anakuja Bi mkubwa wa Kiislamu, katikati ya mchana, na mkwe wake nyuma, mpaka penye mlango wa kanisa. Hakuingia. Padri akatoka kumsalimu.

"Padri, miye si ntu wa kanisa lako," akasema, na sauti yake mnaijua. "Nimekuja kurejesha jina la mwana wa watu. Kofia ya mwanangu kaishona yule mwanamwali, kaombwa na nke wa mwanangu huyu hapa. Msalaba ni mazoea ya nkono, ushafumuliwa, yameisha. Kaapishwa asiseme, hakusema. Kwetu ntu akishika amana namna hii tunamkalisha mbele. Nyie naona mnamkalisha nyuma."

Padri aliomba radhi palepale mbele ya watu, na nampa heshima yake kwa hilo. Ndipo mkanikumbatia.

Na hapo hadithi ingekuwa nzuri kama ingekwisha. Alasiri ile mwalimu alikuja kwetu. Mama akampa kiti, akatuacha barazani. Akatoa mfukoni moja ya zile leso nilizomshonea, akaigeuza. Penye pindo, kwa ndani, pana msalaba. Punje ya mchele.

"Hivi ndivyo nilivyojua," akasema. "Tulikuwa kwenye mpira, mimi nimekaa pembeni. Karani aliingia uwanjani akanipa kofia yake nimshikie. Nikaigeuza tu, mikono haina kazi. Nikauona, na nikaujua, kwa sababu ninao mfukoni kila siku."

Nikamwuliza, "Kwa nini uliniambia watu wameona?"

"Niliona haya kusema kwamba nimechunguza kofia ya rafiki yangu. Na niliona wivu, hilo pia niliona haya kulisema. Nilimwambia mtu mmoja tu, mzee wa kanisa, anishauri. Nilimwomba iwe siri."

Mzee huyo simtaji, na mke wake simtazami.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo hakuwa yule mwenzangu wa kwaya?"

"Yule?" akashangaa. "Mzee wa kanisa alipomwuliza kama anaujua msalaba ule, alimjibu kwamba hata yeye huushona vilevile, kwa hiyo huenda ni wa kwake, basi wasikusumbue wewe. Akanifuata na mimi uwanjani mara mbili kunigombeza. Aliniambia kama sikuamini wewe basi nisioe mtu, nifuge paka."

Ndugu zangu, nimepitia benchi la nyuma, nimetazamwa tumbo, nimeitwa mchawi. Hakuna hata moja lililoniuma kama lile. Mtu aliyekuwa tayari kuuchukua msalaba wangu auite wake, ndiye niliyempeleka kwa mganga kwa ulimi wangu. Nililia kwa namna ambayo mwalimu alidhani nalia furaha, akawa ananipigapiga bega. Nikamwambia yote. Akaniambia, "Basi tuko wawili." Akauliza kama apeleke majina yetu kwa Padri Jumapili inayofuata. Nikamwambia asiyapeleke mpaka nimalize la mwenzangu. Akasema yeye aliningojesha mwaka, na yeye atangoja.

Jumatatu nikapanda gari kwenda Mtambile. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na kila gari lilipotikisika yakachanganyika. Nilimkuta barazani anamenya muhogo. Hakusimama. Aliniambia, "Karibu," akanipa kisu cha pili, tukamenya.

Nikamwambia yote. Nikamwomba msamaha. Akamaliza muhogo aliokuwa nao mkononi, akaniambia anakwenda wapi Alhamisi. Ana mama mkubwa, dada wa mama yake, ambaye zamani aliolewa na Mwislamu akasilimu, na nyumbani kwao jina lake lilikatazwa kutajwa. Sasa ni mjane, amepooza mwili upande mmoja. Mwenzangu alikuwa akienda kumwosha, kumbadilisha nguo, na kumchana nywele. Hakusema, kwa sababu mama yake mzazi angeumia na babake angemkataza. Ndani ya ule mfuko kulikuwa na sabuni na khanga safi. Na amenipa ruhusa niwaambie haya, kwa kuwa bibi yule mwenyewe amesema amechoka kuwa siri.

"Kwa hiyo umenisamehe?" nikamwuliza.

"Msamaha unataka nikupe hapa?" akasema. "Hapa Mtambile? Hapa hakuna ntu aliyenisikia nikisemwa. Hapa miye ni ntu mzuri. Ulinisema wapi?"

"Barazani. Tukichambua karafuu."

"Basi nenda ukaseme palepale, na walewale wakusikie. Ukishasema, njoo tuzungumze habari ya msamaha. Na huo muhogo unaumenya vibaya, unatupa nyama yake."

Ndiyo nimekuja palepale. Nyuso nazitazama, ni zilezile.

Nina wa kuwashukuru, mnivumilie. Namshukuru Bi mkubwa yule, asiye wa kanisa letu, aliyetembea mchana kweupe kurudisha kitu ambacho si yeye aliyekichukua. Namshukuru shoga yangu, aliyeogopa, halafu akasema akiwa bado anaogopa. Namshukuru mama yangu, ambaye mwaka mzima hakuniuliza swali hata moja, akawa ananipikia tu. Namshukuru mwalimu kwa kurudi na leso yake na kwa kukubali kungoja. Na namshukuru Mungu, ambaye nilidhani ameninyamazia kumbe alikuwa ananisikiliza, na hiyo ndiyo iliyonitia aibu zaidi. Padri hutufundisha juu ya ulimi na mimi nilikuwa nikitikisa kichwa pale nyuma, nikiwafikiria wengine.

Nililojifunza ni hili. Nilidhani aliyeumizwa hawezi kuumiza. Nilidhani machozi yangu yamenipa ruhusa. Mtu akionewa anakuwa na njaa ya mtu wa kulaumu, na njaa haichagui chakula. Na nikajifunza kwamba unaweza kumwua mtu jina kwa maneno ya kweli matupu, ukiyapanga vizuri na ukajua pa kunyamaza.

Sasa nasema wazi, mbele yenu. Nilisema mwenzangu wa kwaya anapita njia ya kwenda kwa mganga. Alikuwa akipita njia ya kwenda kumwosha mgonjwa wa damu yake. Kwa mganga hajafika. Nililisema kwa chuki na wivu, nami nilikuwa nimekosea hata kumjua aliyenikosea. Alhamisi mbili hizi nimekwenda mimi kumwosha yule bibi, kwa sababu kutoka Mtambile ni mbali na gari si la kutegemea. Bibi anasema mikono yangu ni mizito, lakini nywele najua kuchana. Na juzi, mniwie radhi nicheke, jirani mmoja ameshaniuliza kwa upole kama na mimi nimeanza kwenda kwa mganga.

Mama zangu, siwaombi mnisamehe mimi. Hilo mwenyewe wake yuko Mtambile, na ataamua atakavyo. Ninachowaomba ni kizito zaidi. Siku ile mlipoondoka hapa, kila mmoja alikwenda na neno langu kwenye nyumba moja au mbili, na kila mmoja anazijua nyumba zake. Mimi siwezi kuzifikia, kwa kuwa mimi nilisema hapa tu. Nirudishieni. Mkifika, msiseme "kumbe mambo yale hayakuwa kweli," kisha mkaomba chumvi. Semeni kama nilivyosema mimi, mkiwa mmesimama, na mseme kwamba mlilichukua kwangu.

Mwenyekiti ananitazama, najua chai inapoa. Nimemaliza maneno yangu. Ila sitaketi mpaka mmoja wenu aniambie ataanzia nyumba gani.